Wa Karema Wana Kwao

"Ni wa Karema, sawa. Lakini Karema ipi? Ya Wabende au ya misheni?"

Swali hilo liliulizwa na mzee mmoja wa upande wa waoaji, kwenye kikao cha posa ya mjukuu wa dada yangu, hapa Makanyagio, Mpanda mjini. Barua ilikuwa imeshaletwa kwenye sahani, imefunikwa kitambaa, na mshenga ameshasema maneno yake yote ya adabu. Mzee hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama watu wa umri wetu wanavyouliza, ili ajue anaoa kwa nani. Dada yangu akamjibu: "Ya misheni, kaka." Mzee akaitikia kwa kichwa, akamwinamia mwenzake na kumnong'oneza kwa Kifipa, nami Kifipa nakisikia: hao ni wale walionunuliwa.

Posa ilipokelewa, mahari ikatajwa, na kijana na mkewe sasa wanaishi Inyonga na wana mtoto. Sina ugomvi na yule mzee. Lakini neno lake limenikaa, kwa sababu mtu aliyekuwa akimsema ni mama yake bibi yangu, mwanamke aliyefariki kabla sijazaliwa. Imepita zaidi ya miaka mia moja tangu anunuliwe, na bado ndilo jambo la kwanza watu wanalolijua juu yake. Alilima, alizaa, alizika, alikuwa mkunga. Hayo hayatajwi. Linalotajwa ni kwamba mtu fulani alimuuza na mtu mwingine akamnunua.

Nimefundisha historia katika shule za huku tangu Mpanda ikiwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kabla ya Katavi kuwa mkoa mwaka 2012. Somo la biashara ya utumwa nimelifundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara vitabu vilinipeleka Bagamoyo, Kilwa na soko la Mkunazini, Unguja. Karema haikuwamo. Wanafunzi wangu walimaliza kidato cha nne wakijua Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, lakini hawajui kwamba umbali wa safari ya siku moja kutoka madarasani mwao kuna kijiji kilichojengwa na watu waliotoka katika minyororo hiyo hiyo.

Leo Karema inasikika kwa sababu ya bandari mpya. Magari ya mizigo yanashuka kupitia Kagwira na Ikola, mahindi na saruji vinavushwa kwenda Moba na Kalemie, na wenyeji wanafurahi, kwa haki. Lakini Karema ilikuwa mahali maarufu zamani sana. Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alijenga hapo boma juu ya kilima, maji ya Ziwa Tanganyika yakiwa karibu. Ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi miaka hiyo. Mto Lukuga ulipofunguka upande wa pili, maji yalishuka mita kadhaa, na boma likabaki limetengwa na ufuo. Mwaka 1885 Wabelgiji waliliachia shirika la Mapadri Weupe, lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868 huko Algeria. Boma la kijeshi likawa misheni, na misheni ikawa kimbilio.

Nchi yote hii wakati huo ilikuwa njia. Kaskazini kulikuwa na Ujiji, mashariki Tabora. Watu waliokamatwa upande wa Kongo walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wakafungwa kongwa shingoni, wakatembezwa kupitia nchi ya Wabende, Watongwe na Wakonongo. Hapa kwetu pia watu walikamatwa, tena na majirani zao. Rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, walichoma vijiji, na baadhi ya watemi waliuza watu wao wenyewe walipodaiwa au walipotaka bunduki. Nayasema haya kwa sababu kuna mtindo wa kuwaachia Waarabu peke yao dhambi yote, na mtoto anayefundishwa hivyo hataelewa kwa nini mama yake bibi yangu aliuzwa mara ya kwanza na mtu aliyesema lugha moja naye.

Mapadri walinunua watu. Walilipa kwa vitambaa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njia zile, na vitambaa vilitokana na michango ya Wakatoliki wa Ulaya, hasa baada ya Lavigerie kuzunguka miji ya huko mwaka 1888 akihubiri dhidi ya utumwa. Watoto waliwekwa katika nyumba za yatima, wakafundishwa katekisimu na kazi za mikono. Walipokua waliozwa wao kwa wao, wakapewa mahali pa kujenga na shamba karibu na misheni. Hivyo ndivyo Karema "ya misheni" ilivyopatikana: kijiji cha watu wa kabila hili na lile, kila mmoja na lugha ya kwao, wakiunganishwa na Kiswahili na kengele ya kanisa. Ulinzi wao nao ulihitaji bunduki. Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alifika Karema mwaka 1886 kabla ya kuvuka kwenda upande wa Mpala, na huko alipigana na wafanyabiashara wa watumwa kwa miaka.

Sasa nirudi kwa yule bibi mkubwa, maana katika habari yake ndimo lilimo jambo ninalotaka kulisema.

Kwenye simulizi za misheni watu kama yeye wanaitwa "waliokombolewa". Kifaransa cha mapadri wale kilikuwa na neno la kununua tena kitu kilichokwisha kuuzwa, na Kiswahili kikatoa kukomboa, neno tunalolitumia mpaka leo kwa baiskeli iliyowekwa rehani. Mimi nilikua nikidhani alikaa tu, akasubiri, padri akaja na doti za kitambaa akamchukua. Bibi yangu alinisimulia vingine, nasi tulikuwa tunapura maharage uani. Alisema mama yake alikuwa msichana wa kuota matiti tu wakati msafara ulipolala kando ya ziwa, kusini ya mahali panapoitwa Ikola sasa. Yeye na mwanamke mmoja mkubwa zaidi walitoka usiku kwa kisingizio cha kwenda haja. Waliufuata ufuo, wakitembea ndani ya maji yanayofika magotini ili nyayo zisionekane. Walikula mihogo mibichi ya shamba la watu. Walikuwa wamesikia kwa wapagazi kwamba Karema kuna boma ambalo wenye misafara hawaingii na bunduki. Walifika wenyewe, kwa miguu yao. Siku kadhaa baadaye mwenye mali, kama alivyojiita, akafika kudai vyake, na mapadri wakaamua kumlipa kitambaa ili aondoke na asirudi na watu wake.

Basi kitabuni aliandikwa kuwa amekombolewa, na ni kweli. Lakini angalia nani amepotea katika sentensi hiyo. Yule msichana aliyepanga, aliyetoka usiku, aliyetembea majini, hayumo. Amebaki padri mwenye kitambaa na mfanyabiashara mwenye madai, wawili wanaopatana bei, na katikati yao kitu. Mapadri siwadharau, bila wao mimi nisingekuwapo. Walifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya, na kadhaa wao walikufa kwa homa vijana, wakazikwa huku huku. Ninachokataa ni kwamba malipo yao yahesabiwe kuwa habari yote.

Habari kama hiyo iko pwani pia. Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, kiliandikwa na mtoto wa mtu aliyetekwa, akaokolewa na kufikishwa Frere Town, kijiji walichokianzisha wamisionari wa Kianglikana Mombasa mwaka 1875. Ni kitabu muhimu kwetu sote tunaosoma Kiswahili, na ni ushujaa kwamba mwandishi hakuificha asili yake wakati wengi waliificha. Lakini shukrani kwa Waingereza imejaa humo kiasi kwamba msomaji anaweza kumaliza bila kukumbuka kwamba watu wengi wa pwani ile walijikomboa wenyewe. Walitoroka mashamba ya Malindi na Mombasa wakajenga vijiji vyao msituni, kama Fuladoyo. Hao waliitwa watoro, neno lile lile analoitwa mtoto anayekacha shule.

Kiswahili kilikuwa na majina mengi kwa watu hawa, na kamusi za zamani zimeyahifadhi. Mzalia alikuwa mtoto wa mtumwa aliyezaliwa pwani. Mjoli alikuwa mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Mtu aliyeachiliwa aliitwa huru, na wengi wao mahuru. Jina hilo lilimtenga na mwungwana, yaani mtu ambaye hakuwahi kumilikiwa. Kwa hiyo ukiambiwa wewe ni huru, palepale umekumbushwa ulikotoka. Huku bara mambo yaligeuka kidogo: kila mpagazi au askari wa msafara aliyevaa kanzu na kusema Kiswahili aliitwa Mwungwana, hata kama kwao Unguja alikuwa na bwana anayengoja sehemu ya ujira wake. Wapagazi waliyajua haya vizuri. Mtu aliyevuka Ugogo na kuingia Unyamwezi alikuwa amepata jina ambalo pwani asingelipewa.

Nimetafuta katika lugha nyingine kama kuna waliofanya vizuri zaidi. Warumi walimwita mtu aliyeachiliwa libertus, naye alichukua jina la ukoo la bwana wake wa zamani. Tiro, katibu wa Cicero, anayesifiwa kwa ustadi wa hati mkato, aliishi maisha yake ya uhuru akiitwa Marcus Tullius, majina ya aliyemmiliki. Waarabu walisema maula, neno ambalo laweza kumaanisha bwana na laweza kumaanisha mwachwa huru aliye chini ya ulinzi wake; kamba ilibaki ikiwafunga wote wawili. Marekani mwaka 1865 serikali ilifungua idara nzima kwa ajili ya walioachwa huru, ikawapa shule, na jina la idara likawashika. Mauritania ilitangaza kufuta utumwa mwaka 1981, tena ikahitaji sheria ya mwaka 2007 kuufanya kosa la jinai, na Waharatini wa huko wangali wanatafuta kutendewa kama raia wengine.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote uko karibu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wazigua na watu wengine kutoka nyuma ya pwani yetu ya Tanga walipelekwa Somalia, baadhi wakiwa wamedanganywa wakati wa njaa. Wengi walitoroka wakaweka vijiji katika msitu wa Mto Juba. Wakaitwa Wagosha, watu wa msituni. Majirani zao wakawaita jareer, kwa ajili ya nywele zao. Vita ya Somalia ilipowafukuza miaka ya 1990, mashirika ya misaada yakawaandika "Wabantu wa Somalia", jina ambalo mababu zao hawakuwahi kulisikia. Baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Walipofika huko walikuta watu wanaosema Kizigua, na wao walikuwa bado wanakisema, wamekitunza kwa zaidi ya miaka mia na hamsini katika nchi ya ugeni. Huko Handeni hawakuhitaji jina la msitu wala la nywele. Waliitwa Wazigua, na baadaye serikali ikawapa uraia. Ninajivunia nchi yangu ninapokumbuka jambo hilo.

Karema tulikuwa na mtu mmoja aliyefanikiwa kulivua jina la kununuliwa. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 kando ya Mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ya Mali ya sasa. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe Algeria. Lavigerie akampeleka Malta kusoma udaktari pamoja na vijana wenzake wa Kiafrika. Mwaka 1889 akawasili Karema, akaoa binti wa Kibende, Agnes Wansabira, akatibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 kijiji kimoja. Mwanawe Joseph akawa padri. Hospitali ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga ina jina lake, na Dar es Salaam kuna nyumba ya wamisionari inayoitwa Atiman House. Bibi yangu, aliyezaliwa naye akiwapo, hakumwita kwa jina kamwe. Alisema "Daktari", na ukimuuliza daktari yupi alikushangaa.

Waandishi wa Ulaya walipenda kumwita mtumwa aliyekuwa daktari. Wagonjwa wake walimwita kwa kazi yake, na wao ndio waliomjua. Hata hivyo kuna jambo linanisumbua hapo. Ilimpasa mtu avuke jangwa, asome Malta na atibu kizazi kizima ndipo apate jina lingine. Wale waliolima, waliofyatua matofali, waliovua migebuka, waliozalisha wanawake usiku, wao wakabaki "wale walionunuliwa", wao na vitukuu vyao. Mkunga ni mkunga. Sioni kwa nini asiitwe hivyo.

Watu wengine huniambia mambo haya ni ya kale mno. Ni ya kale kwa nani? Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Walitoa vyeti vya uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na mwaka 1904 wakatangaza kwamba watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Aliyezaliwa mwezi mmoja kabla hakuwamo. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka 1904 katika nyumba ya utumwa angeweza kubaki mali ya mtu mpaka akiwa na miaka kumi na minane, na bendera yetu ilipopandishwa Desemba 1961 alikuwa na miaka hamsini na saba, mzee kijana tu, amesimama uwanjani na wajukuu. Umati ulipopiga kelele za uhuru, neno hilo kwake lilikuwa na historia ambayo vijana wa TANU hawakuijua. Siwezi kuliita hilo jambo la kale. Wajukuu wa mtu huyo wako hai, baadhi yao ni rika langu.

Wengine, hasa wazee wenzangu, husema nisichokoe. Tukinyamaza, wanasema, watu watasahau. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba kunyamaza hakusahaulishi. Kikao cha posa kinakumbuka. Mgogoro wa shamba unakumbuka: siku mtu anapotaka ardhi yako, ghafla anajua kwamba babu yako alikuja na hakuwa mwenyeji. Kinachosahaulika ukinyamaza ni yale mazuri, ile safari ya usiku na kazi ya mikono. Lile moja la kununuliwa linabaki, kwa sababu halihitaji mtu wa kulisimulia.

Njia nyingine ipo na imekwisha kuonyeshwa. Wamanyema wa Ujiji, Kigoma na Tabora wengi wao wametokana na watu walioletwa kutoka upande wa Kongo, na zamani kuitwa Mmanyema kulikuwa kama kuambiwa huna ukoo. Wao hawakulikimbia jina. Walilishika, wakalifanya la jumuiya, wakajenga nalo; Dar es Salaam mpaka leo kuna Msikiti wa Manyema. Mtu akikuambia leo yeye ni Mmanyema anakuambia kwa kujivuna.

Kama mambo haya yangekuwa ya Karema peke yake, pengine ningeyaacha kwa familia. Ninayaandika gazetini kwa sababu naona tunayarudia, hapa hapa mkoani, mbele ya macho yangu.

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza watu kwa maelfu kuingia nchini kwetu. Serikali iliwapa makazi Katumba, kisha Mishamo, na Ulyankulu upande wa Tabora. Palikuwa pori. Wanaotaka kujua kazi ya watu hao waangalie maharage, mihogo na tumbaku iliyotoka huko kwa miaka yote hiyo. Masoko ya Mpanda yamelishwa na Katumba tangu nikiwa mwalimu kijana. Mwaka 2007 serikali iliamua kuwafungulia njia ya uraia, na zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa. Ni tendo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa wingi huo. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014 baada ya kucheleweshwa sana, na nakumbuka mzee mmoja aliyekitia chake kwenye mfuko wa nailoni, akaukunja, akautia ndani ya Biblia.

Na sisi tukawapa jina: raia wapya.

Lilikuwa na maana ofisini, wakati karatasi zinapangwa. Lakini sasa lipo sokoni, lipo kwenye mikutano ya kampeni, lipo kwenye vichwa vya habari. Nimefundisha watoto waliozaliwa Katumba, wazazi wao wakiwa wamezaliwa Katumba. Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha watoto wengi wa mjini. Mmoja alikuja kwangu siku ya matokeo ya kidato cha nne, amefaulu vizuri, analia. Mwenzake darasani alikuwa amemwambia: "Hata ukifaulu, wewe si ni mkimbizi." Nilimuuliza amekimbia nini. Akasema, "Sijakimbia kitu, Mwalimu. Nimezaliwa hapa." Mtu wa kwanza kuzaliwa Katumba ana umri wa kupita miaka hamsini sasa, na bado tunamwita mpya.

Mkombolewa wa Karema na raia mpya wa Katumba wana hali tofauti kabisa, na sitaki kuzichanganya. Mmoja alifanywa bidhaa, mwingine alipoteza nchi. Lakini sisi majirani zao tumewafanyia jambo lile lile: tumechukua siku moja mbaya ya maisha yao, au ya maisha ya wazazi wao, tukaigeuza kuwa ukoo. Karema na Mishamo ziko katika wilaya moja, ya Tanganyika. Wilaya yenye historia mbili kama hizo ingepaswa kuwa hodari kuliko zote nchini katika jambo hili.

Ninachopendekeza si kigumu, na nilikuwa nikikifanya ubaoni. Nilimwambia mwanafunzi aandike sentensi mbili. Ya kwanza: "Alikuwa mtumwa aliyekombolewa na wamisionari." Ya pili: "Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akatoroka, akafika Karema, akalima na kuzalisha wanawake wa kijiji." Kisha nikauliza ni ipi inayokufanya utake kujua zaidi juu ya mtu huyo. Hawakuwahi kukosea. Sentensi ya pili haifichi kitu. Utumwa umo, uchungu umo, ila mtu naye yumo na anafanya mambo. Walimu wenzangu mnaofundisha sasa, jaribuni. Na mtakapofundisha Bagamoyo na Mkunazini, wapelekeni watoto Karema wakauone ukuta wa boma la 1879, au kama nauli haipo, wasimulieni.

Kwa mapadri na waamini wa Karema nina ombi. Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani vina majina ya watu hawa, na pale padri alipojali kuuliza, vina jina la kwao na mahali alikotoka. Visilale kabatini mpaka mchwa wavimalize. Vipigwe picha, visomwe, na majina yaliyomo yaandikwe ukutani mahali ambapo msafiri wa bandari atayaona. Jina la ubatizo la mama yake bibi yangu tunalijua. Jina alilopewa na mama yake hatulijui, na kama limo humo ningependa kulisikia kabla sijafa.

Kwa wahariri, wa gazeti hili na wa magazeti mengine: mtu wa Katumba, Mishamo au Ulyankulu akishinda uchaguzi, akivuna tumbaku au akifikishwa mahakamani, mwandikeni kama mnavyomwandika mtu wa Moshi au Songea, kwa jina lake, kazi yake na kijiji chake. Cheti chake cha uraia hakina neno "mpya".

Mwandishi ni mwalimu mstaafu, anaishi Mpanda.